Simu za Mfukoni na Hesabu ya Umati



Kila mwaka, inapokaribia tarehe 3 Juni, njia ziendazo Namugongo hujaa watu wanaokwenda kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, waliouawa kati ya 1885 na 1887. Wengine huja kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Siku ikiisha, swali moja husikika nyumba kwa nyumba: Watu walikuwa wangapi? Mmoja husema laki tano, wa pili husema milioni mbili, na wa tatu huwacheka wote wawili akasema kwamba wanakisia tu. Mimi naona huyo wa tatu ndiye mwenye haki, maana umati namna hiyo hauna mlango mmoja ambapo mtu angeweza kusimama akahesabu vichwa.

Swali hilo si la mchezo. Yeye apangaye vyoo, maji, askari na wauguzi hana budi kujua idadi ya watu. Tena yafaa ajue zaidi ya idadi: watu wanatoka wapi, wanaelekea wapi, na wanasongamana mahali gani. Umati ukisongamana huua. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, walikufa hapa kwetu Uganda katika jengo la maduka lililo kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, waliposongamana katika njia nyembamba wakati wa fataki za mwaka mpya. Watu wengi hudhani kwamba katika ajali za namna hii mtu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi sivyo. Wengi hufa wangali wamesimama, kwa kuwa vifua vimebanwa hata haviwezi kuvuta pumzi. Wajuao mambo ya mikusanyiko husema kwamba watu wanne katika meta moja ya mraba bado waweza kujiongoza wenyewe. Wakizidi watano au sita, hakuna tena mtu mmoja mmoja mwenye kuchagua njia. Umati wote huwa kama maji, ukipelekwa huku na huku.

Katika miaka ya karibuni imepatikana njia mpya ya kujua mwendo wa watu, nayo ni kuzisikiliza simu zilizo mifukoni mwao. Nataka kueleza njia hiyo hufanya kazi namna gani, imekwisha kufaa nini, na kwa nini tusiipokee kwa macho yaliyofumba.

Simu haikai kimya

Yafaa tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Simu ya mkononi ni redio yenye masikio na kinywa. Hata ukiiacha mfukoni bila kuigusa, bado husema. Husema na nani? Husema na pande mbili.

Upande wa kwanza ni mnara wa kampuni ya simu. Kila mnara una eneo lake. Simu yako hujitambulisha mara kwa mara, ili mtu akikupigia kampuni ijue ni sehemu gani ikutafute. Tena kila upigapo simu au kupeleka ujumbe, kampuni huandika laini iliyotumika, saa, na mnara uliopokea. Huandika hivyo kwa sababu lazima itoze fedha. Hata ile simu ndogo ya tochi, ambayo babu zetu huipenda kwa kuwa moto wake hukaa siku nyingi, nayo hufanya vivyo hivyo.

Upande wa pili ni waifai, nao ni wa simu kubwa za kioo na kompyuta. Simu ya namna hii ikiwa haijaunganishwa, hutoa mwito mfupi kila baada ya muda, kana kwamba yabisha hodi: "Je, hapa pana mtandao niujuao?" Ndani ya mwito huo mna anwani ya simu. Anwani hiyo si jina lako wala namba yako ya simu. Ni alama 12, tarakimu na herufi zimechanganywa, ambazo chombo kilipewa kiwandani, na nusu yake ya kwanza huonyesha kiwanda kilichokitengeneza.

Sasa chukua kisanduku kidogo chenye kusikia miito hiyo, ukitundike ukutani. Hakina haja ya kujibu, wala hakisomi barua za mtu, wala hakisikii maneno ayasemayo. Kazi yake ni kuandika: anwani fulani imesikika saa fulani, kwa nguvu kiasi fulani. Tundika kisanduku cha pili mwisho wa njia. Mathalan, kwa muda wa saa moja kisanduku cha kwanza kimesikia simu 300, na cha pili kimesikia 200. Ukilinganisha orodha, wakuta simu 150 zimo katika zote mbili. Basi wajua kwamba nusu ya zile za kwanza zilifika mwisho wa njia. Ukitazama na saa zake, wajua zilichukua dakika ngapi. Ikiwa asubuhi zilichukua dakika 4 na adhuhuri zachukua 15, wajua kwamba njia imeziba, na ni wakati wa kufungua mlango mwingine kabla watu hawajaumia. Hesabu hii haimshindi hata mtoto wa darasa la kwanza wa shule yetu. Kazi iko katika kuifanya kwa simu elfu nyingi kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi ya kompyuta.

Nguvu ya sauti nayo ina maana yake. Simu iliyo karibu husikika kwa nguvu, iliyo mbali husikika kwa unyonge. Lakini hapo pana tatizo. Miili yetu ina maji mengi, na maji humeza mawimbi ya waifai. Kwa hiyo simu iliyo katikati ya watu waliosongamana husikika kama iliyo mbali, ijapokuwa iko karibu. Umati wenyewe huifunika sauti ya umati.

Imefaa nini?

Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni la mji wa London, Uingereza, ambako treni nyingi hupita chini ya ardhi. Abiria agusapo kadi yake langoni, wakuu wa usafiri hujua aliingilia wapi na alitokea wapi, lakini hawajui alipita njia gani katikati. Basi kuanzia Novemba 21 mpaka Desemba 19, 2016, ofisi ya usafiri ya mji huo, Transport for London, ilifanya jaribio katika stesheni 54. Ilitumia mitambo ya waifai iliyokuwa imekwisha kuwekwa kwa ajili ya abiria. Katika majuma manne vilisikika vyombo milioni 5.6, katika safari karibu milioni 42. Ilionekana kwamba watu watokao King's Cross St Pancras kwenda Waterloo walipita njia zisizopungua 18, na karibu 40 katika kila 100 hawakupita katika zile njia mbili zinazopendwa zaidi. Tikiti isingaliweza kusema hayo. Kuanzia Julai 8, 2019 kazi hiyo ilifanywa katika stesheni zaidi ya 260. Matangazo yalibandikwa ili abiria wajue, na asiyependa kuhesabiwa aliambiwa azime waifai ya simu yake.

La pili ni la jirani zetu wa Kenya. Watafiti walipata kumbukumbu za minara karibu 12,000, za watu karibu milioni 15, tangu Juni 2008 hata Juni 2009. Majina yalikuwa yameondolewa. Wakazilinganisha kumbukumbu hizo na ramani ya malaria. Mbu hawezi kuruka kutoka Kisumu mpaka Nairobi, lakini mtu mwenye vimelea katika damu yake aweza kupanda basi asubuhi akafika jioni. Mwaka 2012 walionyesha kwamba sehemu za Ziwa Viktoria zilikuwa chemchemi kubwa ya vimelea vilivyochukuliwa na wasafiri mpaka kwingine, Nairobi ikiwa miongoni. Maana yake ni kwamba atakaye kuupunguza ugonjwa mjini huenda akalazimika kupeleka dawa na vyandarua ziwani.

La tatu ni la Haiti. Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince, na watu wakatawanyika mikoani. Chakula na dawa vipelekwe wapi? Watafiti walitazama mienendo ya kadi za simu milioni 1.9, wakakadiria kwamba watu 630,000 waliokuwa mjini siku ya tetemeko walikuwa wamekwisha kuondoka baada ya siku 19, na wakaonyesha mikoa waliyokimbilia. Baadaye Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi wa kuwauliza watu wenyewe, na majibu yakakaribiana sana na yale ya simu.

Simu si mtu

Pamoja na sifa hizo zote, tusisahau kwamba kihesabiwacho ni simu, wala si mtu. Hapa kwetu mfanya biashara mmoja huwa na simu mbili, na simu moja huwa na laini mbili. Kinyume chake, mama na watoto wake wanne huenda na simu moja, au bila simu. Simu ndogo ya tochi haina waifai, kwa hiyo kisanduku cha ukutani hakiisikii kabisa. Mzee atembeaye na fimbo na tasbihi yake tu, katika hesabu hiyo hayupo duniani.

Chukueni mfano ulio karibu zaidi. Sisi katika bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Mtu akipima shule yetu kwa njia hii saa nne ya usiku, ataona kwamba hapa pana walimu kadhaa na mlinzi, na kwingine kote ni pori. Wavulana mamia tuliolala humo hatumo katika orodha. Sisi twaweza kucheka, lakini fikirini jambo hilohilo likiwa katika kugawa chakula cha msaada. Wale wasio na simu ndio mara nyingi walio maskini zaidi, na wao ndio watakaosahauliwa. Kwa hiyo mtu mwenye busara hatumii hesabu ya simu peke yake. Hutuma watu wahesabu kwa macho mahali pachache, apate kujua kila simu mia moja ni sawa na watu wangapi, ndipo asahihishe.

Je, ni nani aliyepita?

Sasa nafika katika jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Kuhesabu umati ni jambo moja, na kumfuata mtu ni jambo jingine. Lakini chombo ni kimoja. Kisanduku kinachoweza kujua kwamba simu 150 zilikwenda toka hapa mpaka pale, chaweza pia kujua kwamba simu hii moja ilipita hapa jana, na leo, na juzi.

Mwaka 2013, katika kitovu cha mji wa London, kampuni moja iliweka vyombo vya kusikiliza ndani ya mapipa 12 ya taka yaliyokuwa barabarani. Wapita njia hawakuulizwa. Nia ilikuwa biashara: kujua ni nani hupita mara kwa mara, apate kuonyeshwa matangazo ya kumfaa. Habari zilipojulikana, watu walikasirika, na mwezi Agosti wa mwaka huo wakuu wa mji waliiamuru kampuni iache.

Wengine husema, "Dawa ni rahisi. Ondoa jina, badili anwani." Ni kweli kwamba iko hesabu ya kuisaga anwani ikawa namba nyingine, kama vile mtama usagwavyo ukawa unga, na unga haurudi kuwa punje. Lakini anwani zinazoweza kuwapo ni kiasi cha trilioni 281, na kompyuta ya leo haichoki kusaga. Mtu mwenye hila aweza kuzisaga moja moja mpaka apate unga ulio sawa na ule alioushika, akajua punje yake. Kwa sababu hiyo wataalamu huongeza siri kabla ya kusaga, na siri hiyo huiita chumvi. Asiyeijua chumvi hapati unga uleule.

Hata hivyo, chumvi haitoshi. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza miezi 15 ya mienendo ya watu milioni 1.5 wa nchi moja ya Ulaya. Walikuta kwamba ukijua mahali panne na saa nne tu za mtu, yatosha kumtenga na wengine wote, kwa watu 95 katika kila 100. Msistaajabu. Fikirini simu isiyo na jina ambayo kila usiku hulala katika kijiji fulani, siku za kazi hushinda shuleni, Jumamosi huwa sokoni, na Jumapili asubuhi huwa katika kanisa dogo la kigango. Je, kijijini mtu huyo hafahamiki? Ni yule mwalimu ambaye pia ni katekista. Hakuna aliyetaja jina lake. Nyayo zake zimemtaja. Na ikiwa majuma mawili mfululizo nyayo hizo zimekwenda zahanati usiku, au nyumbani kwa wakili, basi siri yake imekuwa ya kila aliye na orodha.

Kwa upande wa minara mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hapa Uganda laini ya simu huandikishwa kwa kitambulisho cha taifa. Kampuni haina haja ya kukisia, jina inalo. Kwa hiyo watafiti hawapaswi kupewa orodha yenyewe. Yatosha wapewe jumla: leo watu kiasi hiki walitoka wilaya hii wakaenda ile.

Watengenezaji wa simu nao wamefanya jambo. Tangu 2014 simu za Apple zilianza kubadili anwani yao ziitapo mtandao, na simu za Android zikafuata katika miaka ya baadaye. Simu yabisha hodi kwa anwani moja sasa, na kwa nyingine baadaye. Ni ngao njema kwa mwenye simu, lakini imemtaabisha mhesabuji, maana simu moja ikibadili anwani mara tatu, kisanduku hudhani zimepita tatu. Ndivyo ilivyo: kila kinachomficha mtu huipunguzia hesabu usahihi, na kila kinachoongeza usahihi humfunua mtu. Hapana ujanja wa kupata vyote viwili kwa ukamilifu. Lazima watu wachague.

Maoni yangu

Mimi sisemi tuikatae njia hii. Kama kisanduku kingaliweza kuonyesha mapema kwamba kijia kimejaa, na mlango wa pili ukafunguliwa, mtoto mmoja aliyeokoka angetosha kuwa sababu ya kukitundika. Nasema kwamba kabla ya kukubali yafaa tuulize mambo matatu. Kwanza, je, watu wameambiwa, kwa bango linalosomeka na kwa lugha wanayoijua? Pili, je, kinachowekwa ni jumla ya watu, au ni safari ya kila mmoja? Tatu, je, orodha itafutwa lini, na ni nani atakayehakikisha kwamba imefutwa? Ikiwa mwenye kisanduku hawezi kujibu, basi hahesabu umati, bali anawapeleleza watu.

Sheria zipo. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Lakini sheria iliyo kabatini haimlindi mtu, mpaka apatikane wa kuifungua na kuisoma.

Hapo ndipo ninapowageukia ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka hapa. Baadhi yenu mko katika kampuni za simu, wengine mko mahakamani, wengine katika ofisi za wilaya na polisi. Siku moja faili ya kazi hii itawekwa mezani mwako, nawe utaambiwa uitie sahihi upesi. Usiitie kabla ya kuuliza maswali yale matatu. Na ninyi wadogo zangu msemao kwamba hesabu hazina faida nje ya mtihani, jueni kwamba jumla na sehemu mnazofundishwa leo ndizo zitakazowawezesha kumwambia mkubwa yeyote, kwa adabu na kwa hakika, "Bwana, hesabu hii imewasahau wasio na simu," au, "Bwana, orodha hii yasema mengi kuliko tuliyoomba."

Nawatakia nyote masomo mema na kazi njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita